Kura ya mgomo: 71 kwa 58, hao ndio "wengi"?

FundiMashine:
Jamani habari za jioni, naomba mawazo yenu maana tangu Ijumaa kichwa kinaniuma. Niko kiwanda fulani huku Jinja, Uganda, upande wa kufungasha, mwaka wa saba sasa. Ijumaa chama chetu cha wafanyakazi kikaitisha mkutano chini ya mwembe nje ya geti, ishu ni ovataimu haijalipwa, na hapo hata mimi nina hasira kama wenzangu. Basi mwenyekiti akasema wanaotaka mgomo wanyooshe mikono, wakahesabu 71. Wasiotaka 58, na mkono wangu ulikuwa humo. Akatangaza wengi wameamua, Jumatatu ijayo hakuna kazi, atakayeingia ni msaliti. Sasa wanachama tuko 210! Wa zamu ya usiku walikuwa wamelala, wengine walikuja ila wakasimama nyuma wanachezea simu tu, na supavaiza yuko pale kwa kibanda cha askari anatuangalia mkono kwa mkono. Mimi nina mkopo wa SACCO na watoto wawili shule. Hii ni demokrasia au ni nani ana sauti kubwa?

dada_malaba:
Pole kaka. Lakini hao 81 ambao hawakunyoosha, nani alikuwa awanyooshee? Mtu akikaa nyuma na simu ameshapiga kura yake, amesema "amueni nyie". Mimi shida yangu ni hiyo mikono. Mnakumbuka uchaguzi wa LC1 (baraza la kijiji) wa 2018, tulipanga mistari nyuma ya wagombea mchana kweupe? Jirani yangu aliona nimesimama mstari gani, mpaka leo tukikutana kisimani ananipita kama jiwe. Sasa wewe umenyoosha mbele ya supavaiza NA mbele ya mwenyekiti, umekosa pande zote mbili banange 😂

mzee_wa_reli:
Kijana, mimi nimekuwa katibu wa tawi zamani, hili swali halijaanza na nyinyi. Kule Uingereza wachimba makaa ya mawe waligoma Machi 1984 bila kura ya nchi nzima, wenzao wengi wa Nottinghamshire wakasema hatujaulizwa, wakaendelea kuingia shimoni, na mgomo ukafa baada ya kama mwaka mmoja watu wamegawanyika vibaya, ndugu na ndugu hawaongei. Mwaka huohuo wa 1984 serikali ikaleta sheria ya kura ya siri. Halafu 2016 wakakaza zaidi: lazima angalau nusu ya wenye haki ya kupiga kura wapige, na kwa kazi kama hospitali, shule na usafiri ikawa lazima pia asilimia 40 ya WOTE waseme ndiyo, aliyelala akawa anahesabiwa kama hapana.

Sasa piga hesabu yenu. Mlionyoosha 129 kati ya 210, nusu mmevuka. Lakini asilimia 40 ya 210 ni 84, na nyinyi ndiyo ni 71. Kwa hiyo kwa kipimo kimoja mgomo ni halali na kwa kingine haupo, na watu ni walewale, mwembe ni uleule.

Na hiyo ya nusu ina kichekesho chake. Chukua watu 100. Wakipiga 49, wote ndiyo, mgomo umekufa. Akija wa 50 akapiga HAPANA, nusu imetimia, mgomo umepita! Yaani mpinzani ndiye ameuzalisha, angebaki nyumbani anywe chai angeuzuia. Halafu chama kilichopitisha sheria hiyo kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa 2015 na kama asilimia 37 ya kura zilizopigwa, kikapata zaidi ya nusu ya wabunge. Kipimo cha mfanyakazi ni kirefu kuliko cha mheshimiwa.

ticha_wa_historia:
Mzee shikamoo. Mimi naongeza, "wengi" wa nani? 2022 serikali ilipandisha mishahara ya walimu wa sayansi, mwenye digrii shilingi milioni 4, wa diploma milioni 3, sisi wa arts tukabaki tulipokuwa, na mgomo ukaanza Juni. Shuleni kwetu mwenzangu wa fizikia tunakula posho na maharage meza moja, angegoma kwa ajili gani? Ukipigisha kura walimu wote pamoja unapata jibu moja, ukipigisha arts peke yao unapata lingine kabisa. Anayeamua nani aitwe mkutanoni ameshaamua nusu ya matokeo. Na mgomo ulipokwisha Julai mimi nilisikia kwa redio. Kuanza tunaulizwa, kumaliza tunatangaziwa, hapo ndipo mimi huchoka.

boda_mstaafu:
Mwenye kazi atakulipa ovataimu kwa kuhesabu kura sasa?? Gomeni au msigome, ila mgome wote. Katiba kifungu cha 40 inakupa haki ya kugoma kwa kufuata sheria, lakini haikupi haki ya kula ovataimu ya waliogoma wewe ukiwa ndani na mashine. Nyongeza ikija utairudisha ssebo?

mtu_wa_zamu:
Mimi ni kibarua kiwanda kingine, nasoma tu hapa. Kwetu walipogoma mwaka jana vibarua hatukuulizwa maana si wanachama, tunalipwa kwa siku. Geti likafungwa siku sita. Wao walipata barua ya makubaliano, sisi tulipata siku sita za bure. Endeleeni na asilimia zenu.

FundiMashine:
Asanteni wote. @boda_mstaafu umenichoma lakini kweli, nisingeirudisha. Nimeenda kwa mwenyekiti jana jioni, tumebishana wee mpaka giza, mwisho amekubali kura irudiwe Jumamosi, ya karatasi, mara mbili ili wa usiku wapige asubuhi wakitoka. Sanduku ni katoni ya sabuni, nimeitoboa mwenyewe juu. Mimi bado nitaandika hapana, ila ikipita Jumatatu siingii. @mtu_wa_zamu vibarua kwetu wako kama 40. Nilipomtajia mwenyekiti akacheka, akasema hao tukiwapa karatasi watatuangusha.

mtu_wa_zamu:
Si ndiyo maana hamtupi.