Tarbia tatu, hata "vizuri" sijaambiwa

Fundi wa Pongwe: Shikamooni wakubwa. Nina wiki tatu humu kwenye jukwaa la mashairi. Nimeweka tarbia tatu za mapenzi, yaani mashairi ya mishororo minne kila ubeti, naandika usiku nikishafunika cherehani. Aliyetia neno ni mmoja tu, naye kauliza kama nauza vitenge. Nakosea wapi?

Bi Mkasi: Marahaba mwanangu. Nimezisoma zote. Ubeti wa pili, mshororo wa tatu, nimehesabu kwa vidole: mizani (silabi) 17 badala ya 16. Wenzako wameona, wameona haya kukwambia. Halafu mapenzi humu yamejaa kama dagaa mnadani. Tutungie hiyo cherehani.

Mwana wa Pwani: Mie nilikaa miezi miwili hivyohivyo. Kilichonitoa ni kumjibu mtu. Mzee mmoja aliwatungia vijana wasioamka alfajiri. Nikamrudishia kwa vina vyake vilevile, nikamuuliza nani anayekoroma kibarazani adhuhuri. Alikuja na beti saba za hasira! Kuanzia hapo wananiita kwa jina.

Fundi wa Pongwe: Bi Mkasi, kweli 17. "Mpenzi" niliihesabu mizani mbili, kumbe m-pe-nzi. Huyo mzee bado yumo humu?

Mwana wa Pwani: Yumo. Leo kawageukia mafundi wanaochelewesha nguo za sikukuu.