Naomba ushauri: mkoba wa mkononi kwa safari ya jahazi, Lamu hadi Kiwayu

Binti_Kasarani
Wanajamvi, hamjambo. Ninaishi hapa Nairobi, na mwezi wa Februari nimealikwa kwenye likizo ya jahazi: siku nne baharini kutoka Lamu, kupitia Pate hadi Kiwayu na kurudi, tukilala juu ya sitaha. Tutaondoka uwanja wa Wilson kwa ndege ndogo hadi Manda, na tumeambiwa kila abiria asizidishe kilo 15, mkoba wa mkononi ukiwa ndani ya hesabu hiyo. Nimekwisha kununua sanduku gumu la magurudumu, dogo na zuri. Naomba kujua nini kiwekwe mkobani na nini kiachwe. Tena, je, jahazini huwa kuna barafu ya uhakika siku zote nne? Na wahudumu wa ndege wanaweza kuuchukua mkoba wangu na kuuweka kwingine bila ridhaa yangu? Huenda mambo haya yanaonekana madogo, lakini yananikosesha usingizi.

Mzee_wa_Gubeti
Binti yangu, karibu pwani. Sanduku gumu liache nyumbani. Chombo hakina kabati. Mizigo hupangwa penye nafasi, chini ya tandarua, na magurudumu hukwaruza mbao na kuumiza miguu ya mabaharia usiku. Chukua mfuko laini unaokunjika. Juu ya hayo, jueni kwamba Februari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, na Kiwayu iko kaskazini-mashariki ya Lamu, kwa hivyo kwenda ni kupiga bisho dhidi ya upepo au kuwasha mashine, na raha ya tanga mtaiona wakati wa kurudi. Asiyezoea, bahari humlevya wakati wa kwenda. Basi kitu cha kwanza mkobani kiwe dawa ya kuzuia kichefuchefu, na imezwe kabla nanga haijang'olewa, kwa maana ukishaanza kutapika haikai tumboni.

Mama_Tunu_Umoja
Mimi ningekuuliza kwanza unakwenda na nani. Siku hizi wasichana wetu wanalala jahazini na watu wasiowajua, kisha wazazi tunasikia habari mitandaoni. Kama ni safari ya heshima, beba leso mbili na dera, kwa sababu Lamu ni mji wa watu wenye dini yao na mavazi yao. Leso itakuwa shuka, taulo, pazia na kilemba, na haina uzito wowote.

Kijana_wa_Toi
Nenda soko la Toi ukatafute shanta la mitumba. Viatu beba ndara peke yake; jahazini watu hutembea miguu mitupu.

Msafiri_Taratibu
Dada, usisahau chupa ya maji ya chuma. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yote ya hifadhi nchini, na maji ya Kiwayu yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Jambo hili ninalichukulia kwa uzito, kwa kuwa nimeona takataka zinazoletwa na mawimbi katika fukwe zile. Ni huko huko Lamu walikounda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, lililovishwa ndara kuukuu za rangi zote na kusafiri hadi Unguja mwaka 2019. Aliyewahi kulitazama mbavuni hawezi tena kubeba maji ya chupa kwa moyo mweupe. Beba pia tochi ya kichwani, krimu ya kukinga jua na betri ya akiba ya kuchajia simu. Betri hiyo isiingie katika mzigo wa chini ya ndege, ikae mkononi.

Binti_Kasarani
Ninawashukuru wote. Ninasafiri na mchumba wangu, dada zake wawili na waume zao, kwa hivyo Mama Tunu asiwe na wasiwasi. Hata hivyo, swali la barafu halijajibiwa. Nina vipodozi vyangu vinavyoharibika kwa joto, na nimepanga kumwomba mpishi aviweke katika kasha lake la barafu, ndani ya kifuko kilichofungwa.

Muuguzi_Ngong
Dada, niwie radhi nikiuliza bila kuzunguka. Umeuliza habari ya barafu mara mbili, na umeuliza kama mkoba unaweza kutolewa mikononi mwako. Hakuna kipodozi kinachomkosesha mtu usingizi kiasi hicho. Je, ni dawa?

Binti_Kasarani
Ni insulini. Nina kisukari cha aina ya 1 tangu nikiwa shule ya msingi. Mchumba wangu anajua. Dada zake hawajui, na sitaki wajue kabla ya posa, ambayo ni mwezi wa Aprili. Tafadhali msinilaumu. Nimeishi na hali hii miaka mingi, ninajidunga chooni kazini na hakuna anayejua, na sioni kwa nini siku nne zinishinde. Nimeamua kwamba sitawaambia. Ninachohitaji ni ushauri wa kufunga mizigo tu.

Mama_Tunu_Umoja
Mwanangu, ndoa haijengwi kwa siri. Mawifi wakigundua wenyewe watasema walidanganywa. Shangazi yangu aliolewa Kitui bila kusema kwamba ana kifafa, na siku kilipompata sokoni, maneno ya ukweni yalimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Waambie mkiwa bado nchi kavu.

Muuguzi_Ngong
Mambo ya posa ninawaachia wazee. Mimi nitazungumza juu ya mkoba. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa katika nyuzi 2 hadi 8, lakini aina nyingi zikishafunguliwa hukaa takriban wiki 4 nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kulingana na maelezo ya aina yako. Kwa hivyo kalamu ya kujidungia unayoitumia haihitaji barafu, inahitaji kivuli. Barafu ni adui wa pili baada ya jua, kwa sababu insulini ikiganda imeharibika hata kama ikiyeyuka inaonekana safi. Kifuko chako kikilala juu ya vipande vya barafu usiku kucha katika kasha la samaki, asubuhi utajidunga maji yasiyo na kazi huku ukiamini umetumia dawa. Tumia kile kifuko kinacholoweshwa maji na kupoa kadiri maji yanavyokauka. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hivyo hakitapoa kama kinavyopoa Nairobi; kitundike kivulini penye upepo.

Katika ndege, ukipakate. Ndege nyingi za Wilson huweka mizigo katika sehemu iliyo chini ya tumbo lake, na mizigo hiyo ikishushwa hungoja juani. Beba dawa mara mbili ya unayohitaji na uigawe sehemu mbili, nusu kwako na nusu kwa mchumba wako, ili maji yakiingia mkoba mmoja usibaki mikono mitupu. Weka barua ya daktari, kipima sukari, vibanzi vyake, na chupa ngumu yenye kifuniko ya kutia sindano zilizotumika, uirudishe nayo Nairobi. Sindano haitupwi baharini. Glukosi ya unga iliyo katika boksi la karatasi itashika unyevu na kuwa jiwe, kwa hivyo ihamishie katika kopo lenye mfuniko wa kukaza.

Linalonitia hofu ni alilolisema Mzee wa Gubeti. Ukitapika kutwa nzima, utashawishika kuacha insulini kwa kuwa hujala. Usiiache ile insulini inayofanya kazi kwa muda mrefu. Pima sukari mara kwa mara na uongee na daktari wako kabla ya kusafiri kuhusu kipimo cha siku kama hiyo. Na sukari ikishuka usiku wa manane, ukiwa huwezi kusema, nani atakayejua kwamba hujalala usingizi wa kawaida?

Binti_Kasarani
Mchumba wangu atajua. Nimemfundisha.

Mzee_wa_Gubeti
Na yeye akiwa ndiye aliyelewa na bahari, amejilaza shetrini, nyuma ya chombo, hana habari ya mtu?

Mpelelezi_wa_Jamvi
Ndugu zangu, ninaomba tusimame kidogo. Mwanachama huyu amejiunga wiki hii. Kwanza ilikuwa mkoba, kisha vipodozi, sasa ni ugonjwa, mawifi na posa. Hadithi inaongezeka chumvi kila tunapojibu, na kesho tutawekewa nambari ya kuchangia. Mtu aliyeishi na kisukari tangu utotoni hawezi kukosa kujua kwamba insulini haiwekwi juu ya barafu. Mimi ninasema imetungwa.

Kijana_wa_Toi
Hata mimi nilishangaa. Nani ananunua sanduku gumu baada ya kuambiwa habari za ndege ya Wilson?

Binti_Kasarani
Sanduku nililinunua kabla ya kuandikiwa masharti ya ndege. Kuhusu barafu, ninajua kwamba insulini haigandishwi. Nilipanga kuizungushia taulo, na kwetu Kasarani friji yangu haijawahi kunisumbua, kwa hivyo sijawahi kulazimika kufikiri juu ya kasha la samaki. Sitaomba mtu senti. Unataka nikuthibitishie nini? Kila saa tatu usiku ninazungusha kitako cha kalamu, kinalia tik kwa kila kipimo, na nikishabonyeza ninahesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa sindano ili tone la mwisho lisibaki nje. Likibaki, harufu yake hukaa kidoleni, harufu ile ya dawa ya kusafishia wadi. Nimechagua kuandika kwa jina jipya kwa sababu wifi mmoja yumo humu jamvini.

Baba_Imani
Mpelelezi, mwache dada. Mwanangu wa kiume ana aina hiyo hiyo, na harufu hiyo ndiyo iliyo jikoni kwetu kila asubuhi chupa inapofunguliwa. Anayeitaja hivyo ameinusa. Dada, sisi tukisafiri hutia kalamu ya mtoto ndani ya soksi nene, kisha ndani ya kopo la plastiki, kisha katikati ya nguo. Glukosi ikae mfukoni mwa suruali, sio mkobani, kwa sababu mkono unaotetemeka haufungui zipu. Sukari ikishuka, ule gramu 15, ungoje dakika 15, kisha upime tena.

Mpelelezi_wa_Jamvi
Nimesikia. Bado ninaona masimulizi yalikuja kwa mafungu, lakini sina la kuongeza.

Mzee_wa_Gubeti
Binti yangu, ya mawifi ni yako. Lakini nahodha si wifi. Mwambie yeye peke yake, kwa faragha, kabla hamjapanda. Nahodha anayejua hatapita mkondo wa mbali na kituo cha afya bila kufikiri, atakuwekea nafasi ya kulala karibu na usukani ambako daima kuna mtu macho, na chai yake ya sukari haikosekani. Kutoka Kiwayu hadi hospitali kubwa ya Lamu mjini si mwendo wa kukimbizana usiku, maji yakiwa yametoka. Nahodha wengi wa kwetu hawatoi siri ya abiria.

Binti_Kasarani
Hilo la nahodha ninalikubali. Wifi mkubwa nitamfikiria, siahidi. Nimelirudisha sanduku dukani. Swali langu la mwisho: badala ya shanta, ninaweza kupanda ndege nikipakata kikapu cha ukindu chenye mfuniko, ili dawa ipate hewa?

Muuguzi_Ngong
Unaweza, mradi kinaingia chini ya kiti wakati wa kuruka na kutua. Ndani yake tia mfuko usiopenya maji wa kufungia kipima sukari na barua ya daktari, kwa sababu mtakapovuka kwa mashua kutoka Manda hadi Lamu mjini, maji ya bahari huruka hadi kwenye mapaja ya abiria.