Hadi diski ya laptopu inapiga kelele, ipi ya kawaida na ipi ya kuogopa? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu heshima kwenu. Nina HP ProBook ya mtumba nimeichukua Kariakoo, ina hadi diski ya GB 500, ile ya kuzunguka siyo SSD. Mchana siisikii ila usiku nikizima feni ndo nasikia mkwaruzo pale kiganja kinapokaa, na mara mojamoja inapiga "tak". Jamaa wa ofisini kasema hiyo inakata roho, bro wangu anasema hizo zote ndo zinavyoongea. Mlioishi nazo, ya kwako ililia vipi na iliishia wapi? Stori za kusikia ziacheni.

#2
Mkwaruzo peke yake usikupe presha. Humo ndani kuna sahani inazunguka mara 5400 kwa dakika, nyingine 7200, halafu kuna mkono unakimbia huku na huku kusoma, huo ndo unakwaruza. Yangu kila nikiwasha asubuhi inakwaruza weee mpaka naiacha naenda kunywa chai, ukifungua Task Manager diski iko 100%, Windows inajiapdeti na antivairasi nayo inakagua. Ikimaliza kimya. Nimesoma nayo chuo chote, sasa hivi dogo anachezea gemu.

#3
Kama ni HP za kiofisi hiyo tak inaweza kuwa kinga yake. EliteBook niliyokuwa nayo ukiinyanyua tu mezani inapiga tak na kitaa cha diski kinageuka rangi ya machungwa, kumbe ina sensa ya mtikisiko, inapaki kichwa (kile cha kusomea kwenye ncha ya mkono) pembeni kisije kikagusa sahani ukiidondosha. Ukiitua kinarudi cheupe. Mtoa mada inyanyue kidogo uangalie kitaa.

#4
Fundi hapa. Tak mojamoja mashine ikiwa imetulia ni kichwa kinajipaki kuokoa chaji, nyingi za laptopu zimeundwa zivumilie kupaki mara 600,000 hivi. Ya kuogopa ni ya mpigo: tak tak tak, inatulia, inaanza tena kwa mwendo uleule na mashine imeganda. Hapo kichwa kinatafuta alama zake kwenye sahani hakizioni, kinarudi pembeni, kinajaribu upya. Mteja wangu mmoja mwalimu aliisikia wiki ya kujaza matokeo akasema ngoja nimalize kwanza, nilipoletewa hata BIOS (programu ya kuwashia mashine) haiioni. Shusha CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kupima afya ya diski, angalia mistari ya 05 (sekta, yaani vipande vya diski, zilizokufa zikabadilishwa), C5 (zinazoshukiwa) na C6 (zisizosomeka). Ikiwa zaidi ya sifuri nakili vitu vyako siku hiyohiyo. Halafu zile namba zinakuja kwa heksa (hesabu ya kumi na sita), ukiona A ni 10, watu wengi wanapita hapo hawajui.

#5
Hamjatugusa sisi wa betri mfu. Laptopu yangu betri ilishakufa kitambo, ni chaja mwanzo mwisho, sasa umeme ukikatika inazima papo hapo na pale unasikia TAK moja kavu kuliko zile za kawaida. Fundi mmoja akanielewesha kwamba ukizima vizuri kichwa kinapakiwa taratibu, ila umeme ukikatika ghafla kinavutwa kwa nguvu iliyobaki kwenye ule mzunguko wa sahani, na kila mara inaandikwa humohumo kwenye mstari wa C0. Kucheki yangu C0 ilikuwa imepanda vibaya sana, na mtaani kwetu mgao ulikuwa haupiti siku. Baadaye ikaanza kuchelewa kufungua folda moja ya picha, folda ileile kila siku, nyingine zinafunguka fresh, C5 nayo ikatoka sifuri. Nikahamisha kila kitu nikanunua betri na SSD kwa pamoja, maana SSD bila betri bado kazi yako inapotea umeme ukienda.

#6
Ya shemeji ilidondoka ikiwa inawaka. Ilipowashwa tena haikukwaruza, ikawa inalia piii piii nyembamba kama mbu sikioni, vichwa vimeng'ang'ania sahani na mota inashindwa kuzungusha. Mmoja akamwambia aiweke friza, mwingine kashika bisibisi aifungulie hapohapo sebuleni!! Nikawakatalia wote, kichwa kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ambayo hata unywele ni mnene kuliko hiyo mara maelfu, vumbi la sebuleni litapita wapi? Picha zilipatikana kwa waokoa data ila bei ilizidi laptopu yenyewe.

#7
Yangu haikulia kabisa. Jioni nzima iko poa, asubuhi haipo. Google waliwahi kuchapisha utafiti wa hadi diski zao mwaka 2007, zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa na dalili kwenye vile vipimo vikuu vinavyotegemewa. Kwa hiyo msisubiri ilie ndo mfanye bakapu.

#8
@fundi naomba kuuliza, yangu CrystalDiskInfo inaonesha njano, yaani tahadhari, lakini iko kimya. Nikiiformati yote si inapona?

#9
Ukiformati kwa kuandika upya diski nzima C5 inaweza kurudi sifuri kweli, watu wanashangilia. Angalia 05 kama imepanda, maana yake zile sekta mbovu imezitelekeza ikachukua za akiba. Iweke muvi, zikipotea utapakua tena. Picha za harusi usithubutu.