Naomba ushauri: mradi wa chuo, serikali na shirika la hisani, kila mtu anavutia kwake

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Niko idara moja ya chuo kikuu, tuna mradi wa maji safi na serikali pamoja na shirika la hisani, kwenye makaratasi umekaa poa kweli, unagusa lengo la 6 la maji safi na lile la 17 la ushirikiano, yale Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa ya 2015 yanayoisha 2030. Shida ni utekelezaji. Shirika wanataka ripoti kila miezi mitatu na picha za watu wakichota maji, serikali wanataka takwimu kabla ya bajeti, huku mwanafunzi wetu wa uzamili bado anapima sampuli na kamati ya maadili ya utafiti ndo kwanza imepitisha fomu zake. Juzi kikao kizima kimeishia kubishana logo ya nani ikae juu, jamani! Hati ya makubaliano tulisaini fasta, haisemi data ni za nani wala pampu ikifa baada ya ufadhili kuisha nani anatengeneza. Mliopitia haya mlianzia wapi? Tuombe nyongeza kwenye hiyo hati au tuiandike upya? Na wanakijiji wenyewe, mliwaingiza kwenye vikao saa ngapi?