Mrejesho: Kupanda Nkungwe kwa siku moja

Ndugu zangu, nawashukuru kwa majibu yenu nilipouliza kama mtu anaweza kupanda kilele cha Nkungwe, katika milima ya Mahale, peke yake na kushuka siku hiyohiyo. Peke yangu haikuwezekana, kwani ndani ya hifadhi ile isiyo na barabara ni lazima uongozane na mwongozaji. Kilele kina mita 2,462, nasi tulianza alfajiri ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, penye mita 770 hivi. Ukungu ukatukuta kwenye mianzi, majani yakatudondoshea maji hadi soksi zikalowa chapachapa, na ilipofika saa saba mchana, magoti yangu (ya mzee wa Ujiji, msisahau) yakitetemeka, tukageuka. Mwezi wa nane nitarudi na hema.