Uzamili wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta: nianzie wapi?

Mwulizaji (Mbale): Ndugu zangu, nina shahada ya sayansi ya kompyuta na ninataka kuchunguza jinsi wachuuzi wenye simu za kitochi wanavyotuma pesa. Je, ni lazima niende ng'ambo?

Jibu (Kampala): Si lazima. Makerere hufundisha uzamili wa kompyuta, na AfriCHI, kongamano la Afrika la mwingiliano wa binadamu na kompyuta lililoanzia Nairobi mwaka 2016, linahusu utafiti wa aina hiyo hasa. Tafuta kwanza msimamizi anayeujua utafiti wa watumiaji. Asiyeujua atakudai programu mpya, ilhali swali lako linahitaji kumtazama mchuuzi menyu ya kutuma pesa ikimkatikia kabla hajamaliza kuisoma, hata akaamua kumkabidhi wakala simu pamoja na namba ya siri.

Jibu (Gulu): Naafiki, ila hapo kwenye namba ya siri pana jambo zito. Pendekezo lako lipitie kamati ya maadili ya utafiti, kisha lisajiliwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, kabla hujamhoji yeyote.

Mwulizaji: Ahsanteni. Dodoso pekee lingetosha?

Jibu (Kampala): Halitoshi, kwani wengi watasema menyu ni rahisi ili wasikuudhi. Mpe mtu kazi halisi aifanye, nawe unyamaze.