Kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum hakina bajeti, tunaanzia wapi kuidai?

Mama Kitengo:
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo maana tumezunguka mpaka miguu imeisha. Nina mtoto wa miaka tisa, ana mtindio wa ubongo, anasoma kitengo cha elimu maalum kwenye shule moja ya msingi ya serikali huku Kanda ya Ziwa, jina la shule niacheni nalo. Watoto wa kitengo wapo 31, wengi ulemavu wa akili, wengine usonji, hawa wa mtindio kama wangu wapo saba. Mwalimu aliyesomea ni mmoja tu, kuna dada mwingine anajitolea, yule tunamlipa sisi wazazi kwa kuchanga elfu mbili kila wiki, anayeweza. Fizio, yaani mtaalam wa mazoezi ya viungo, hakuna, kiti mwendo hakuna hata kimoja, uji wanakunywa siku tukichanga. Wangu nambeba mgongoni mpaka kwa bodaboda na sasa hivi ana kilo 22.

Mwaka jana mwezi wa tano tulienda halmashauri wazazi kumi na mbili pamoja na watoto wetu, tukapokelewa vizuri, tukapewa soda, afisa mmoja alilia kabisa mbele yetu. Akasema andikeni barua. Tukaandika. Kimya. Halafu tarehe 3 mwezi wa 12, siku ya watu wenye ulemavu, wakaja na maboksi mawili ya sabuni, mchele na mpiga picha.

Jamani mimi sabuni nashukuru ila nataka bajeti, iwe inaandikwa kila mwaka hata nikifa. Nani ameshafanikiwa hili? Tumfuate diwani, mbunge, mkurugenzi au twende TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, moja kwa moja?

Kijiwe Nongwa:
Pole dada. Ila si kuna ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu? Nendeni maendeleo ya jamii msajili kikundi mchukue, mnalia hela zipo.

Mama Kitengo:
Kaka ile tulishaulizia. Ni mkopo, riba haina lakini unarudishwa, na wanataka uwe na mradi wa biashara. Sasa nikope nimlipe mwalimu, mtoto akijifunza kushika kijiko mwenyewe hayo marejesho nayatoa wapi, kwenye kijiko?

Chaki Tatu:
Mimi ni mwalimu wa kitengo, mkoa mwingine, naongea ninachokiona. Ruzuku ya uendeshaji tangu elimu bila malipo ianze 2016 inapigwa kwa kichwa, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Humo humo chaki, mitihani, ukarabati, utawala. Mwalimu mkuu akigawa, kitengo kinapata karatasi za manila na pole. Sio kwamba ana roho mbaya, kwenye makaratasi yake kitengo hakina sehemu yake.

Cha pili dada angalia fomu za takwimu za shule. Nimeona mahali watoto wenye ulemavu wanajazwa kama wanafunzi wa kawaida kwa sababu mtu anaona uvivu kujaza ile safu nyingine, basi huko juu wanaonekana hawapo. Omba uone walivyojazwa hao 31. Na hao ni waliofika shule, waliofungiwa ndani huko mtaani umewahesabu?

Mzee wa Vocha:
Binti yangu nimekaa idara ya mipango ya halmashauri miaka mingi kabla sijastaafu, nikwambie ukweli, mwezi wa tano mlifika stendi basi limeshafika Dodoma. Mwezi wa nne mpaka wa sita Bunge linasoma bajeti ambayo sisi huku tulishaifunga zamani, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Yule afisa aliyelia alilia kweli lakini machozi hayana kasma, ile namba ya matumizi kwenye bajeti, hata angetaka kuwapa asingekuwa na kifungu cha kutolea.

Mambo yanakwenda hivi. Mwezi wa kumi wa kumi na moja vipaumbele vinaibuliwa mitaani na vijijini, yale mambo ya wananchi kutaja fursa na vikwazo vyao, mkiwa kwenye mkutano wa mtaa simama useme na uhakikishe mtendaji ameandika kwenye muhtasari, usiondoke hujauona muhtasari. Kutoka hapo inaenda kamati ya maendeleo ya kata, diwani ndiye mwenyekiti. Hazina wanatoa mwongozo wa mpango na bajeti, wataalam wanaingiza kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri, inapita kamati za kudumu, halafu baraza la madiwani kama Januari au Februari, ndio iende mkoani na TAMISEMI. Sisi ofisini tulikuwa tunasema kitu kama hakipo PlanRep hakipo duniani.

Sasa kosa la pili ambalo wazazi wengi mnafanya, mnaomba kila kitu kwa mtu mmoja. Mwalimu wa ajira usimwombe diwani, ajira na mishahara vinatoka serikali kuu, utamchosha bure na yeye atakuahidi bure. Kwa halmashauri omba vitu vya mapato ya ndani, yale inayokusanya yenyewe: viti mwendo, unga wa uji na sukari, posho ya yule dada anayejitolea, na fizio wa hospitali ya wilaya aje shuleni mara mbili kwa mwezi, maana yule ameshaajiriwa na mshahara anapata, gharama yake kwenu ni mafuta na posho ya siku. Hiki kitu ni rahisi na karibu hakuna anayekiomba. Vyoo na mteremko wa kupitisha kiti mwendo hivyo peleka kwa mbunge, mfuko wa jimbo, ule hela yake inafaa kazi ya kujenga mara moja ukaisha.

Na barua yenu iwe na bei. Ukiandika tunaomba mtusaidie watoto wetu wanateseka, sisi tulikuwa tunapiga muhuri wa imepokelewa tunaweka kwenye faili.

Chaki Tatu:
Mzee umenikumbusha, na sheria muitaje kwenye barua, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliridhia 2009. Pia inatakiwa kuwe na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia mtaa mpaka mkoa. Ulizeni ya kwenu iko wapi na nani wamo, pengine mtashangaa.

Dogo Mchumi:
Samahani sio kwamba sina huruma ila tuwe wakweli, watoto wa kawaida wenyewe wanabanana darasa moja mpaka wengine wanakaa chini. Hela ndogo iliyopo si bora iende kwa wengi?

Mama Kitengo:
Mdogo wangu nikujibu kwa uchumi huo huo. Kabla mtoto hajafika miaka miwili nilikuwa na genge la nyanya na vitunguu sokoni, kila siku halmashauri ilikuwa inachukua ushuru kwangu. Nikafunga kwa sababu hakuna pa kumuacha. Kwenye kitengo chetu wamama waliofunga biashara nawajua kwa majina tisa. Siku kitengo kikiwa na mtu wa kuwaangalia mpaka saa tisa, sisi tisa tunarudi sokoni. Weka hiyo kwenye hesabu yako.

Dogo Mchumi:
Hapo nimekuelewa dada, hilo sikuliwaza.

Baba Wawili:
Sisi tulishapita njia hii, kwa hiyo nashuhudia. Mwaka wa kwanza tuliambulia patupu, tulichelewa kama nyie. Mwaka wa pili tukazunguka nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa mtaa jumamosi tatu, shuleni walikuwa 19 na majumbani tukakuta wengine 14, mmoja ana miaka kumi na mbili majirani hawajui kama yupo. Takwimu za sensa ya 2022, ile asilimia 11.2 ya wenye ulemavu, tuliitaja mara moja tu, haikumsisimua mtu. Hao 14 walioandikwa na mtaa wao na balozi wao wa nyumba kumi ndio waliotingisha kikao. Viti vya kukalia tulipeleka bei ya fundi seremala wa hapa hapa, imeandikwa na namba yake ya simu, wakakosa cha kubisha. Na nikupe siri, diwani wa kata alitupiga chenga, aliyetubeba ni diwani wa viti maalum, mama mmoja mkali huyo.

Ila kutengewa na kupewa ni vitu viwili. Tuliandikiwa milioni 1.8, mwaka mzima ikatoka laki sita. Tukawa tunaenda kila baraza la robo mwaka kukaa nyuma kule kwa wananchi, hatusemi kitu, tunakaa tu na watoto. Mwaka uliofuata ikatoka karibu yote.

Mama Kitengo:
Mungu awabariki. Nimetoka kumpigia mwenyekiti wetu, mkutano wa mtaa ni mwezi ujao tarehe 12, kuzunguka nyumba tunaanza jumamosi hii na yule dada anayejitolea. Mzee wa Vocha swali moja, kiti mwendo nikiandike elimu au ustawi wa jamii?

Mzee wa Vocha:
Kinachobaki shuleni kiandike elimu msingi. Cha mtoto kwenda nacho nyumbani kiandike ustawi wa jamii. Usivichanganye kwenye mstari mmoja maana kila idara itasema ni cha mwenzake. Ukimaliza rasimu iweke hapa tuipitie, na bei usisahau.